Barakoa ya Elfu Hamsini

Jumapili, saa nne usiku

Najua nimewatupa. Majaribio yalinibana, halafu kukawa na zana za kufundishia za kukabidhi, basi hata wale waliokuwa wananiandikia kuuliza kama nimedisko sikuwajibu. Sijadisko jamani, nipo. Leo nimekaa kitako kwa sababu kuna jambo linanikera tangu Jumatano, na nisipolisema litanikaa kooni.

Jambo lenyewe ni hili. Sisi mwaka wa tatu wa elimu tunaagana mwishoni mwa muhula. Miaka yote kuagana ni pilau, soda, muziki, picha, basi. Safari hii kamati imekuja na mpya: dansi ya barakoa. Tangazo limebandikwa ubaoni na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp. Mchango shilingi elfu 35. Barakoa elfu 15, nayo inanunuliwa kwa kamati peke yake "ili ubora ufanane". Mavazi meusi na dhahabu. Asiye na barakoa hataingia. Jumla elfu 50, na hapo gauni hujagusa, viatu hujagusa, nywele hujagusa.

Kwa wasiosoma huku niwakumbushe hesabu. Bumu la chakula na malazi lilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa hiyo elfu 50 ni siku tano za kula na kulala. Na wapo kati yetu ambao bumu hilo hawalipati, au wanalipata nusu, na nusu nyingine inatoka kwenye shamba la mtu.

Tangu tangazo litoke darasa limepasuka vipande viwili. Wana-maombi wanasema barakoa ni ushetani na wameanza kufunga. Kamati na wapambe wake wanasema huu ndio ustaarabu, dunia nzima wanafanya, wanaopinga ni washamba. Mimi nimegoma kuingia kambi zote mbili. Nasema hivi: barakoa si dhambi, na barakoa si ustaarabu. Barakoa ni kazi. Swali la kuuliza ni moja tu, hii ya kwetu inafanya kazi gani?

Nianze na ndugu zangu wa maombi, maana hawa nawapenda na ndio waliokesha nami nilipougua malaria mwaka wa kwanza.

Wapendwa, mnaposema kila kinyago ni shetani, mnamtukana Mmakonde aliyekaa nanyi dawati moja. Kule Newala, Tandahimba na Mtwara vijijini, ng'ambo ya Ruvuma hadi Mueda, kuna ngoma ya vinyago ambayo huku kwetu wanaiita midimu na Msumbiji wanaiita mapiko. Inatoka hasa vijana wanaporudi jandoni. Mchezaji anafunikwa nguo mwili mzima, hata ngozi yake isionekane, na usoni anavaa kinyago cha mti mwepesi. Anacheza, watoto wanakimbia. Zamani wanawake na watoto waliambiwa kwamba yule si mtu, ni mzuka. Sasa sikilizeni nyie wanafunzi wenzangu wa ualimu, hapa ndipo penye utamu. Kijana anapoingia jandoni, moja ya siri anazofundishwa ni hii: ndani ya kinyago kuna mtu. Kile ulichokuwa unakikimbia tangu utotoni ni mjomba wako. Kesho utakivaa wewe.

Mimi nimesoma nadharia za ujifunzaji kwa mihula mitano na sijaona somo zuri kuliko hilo. Kukua ni kujua kwamba nyuma ya kitu cha kutisha kuna mtu kama wewe. Wamakonde hao hao walichonga vinyago vyenye sura za wakoloni, wakavichezea katikati ya kijiji watu wakacheka. Huyo shetani yuko wapi? Wahenga walishasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi.

Tena vitu hivi tunavyovitemea mate wenzetu wanavitafuta. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yaliibiwa vitu, kimojawapo kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi, yakakinunua. Ilipofika 1990 ikabainika kuwa ni kile cha Dar. Kilirudi kwetu Mei 2010. Miaka 26 kinyago kiko uhamishoni, na ishirini kati ya hiyo watu wazima wanajadiliana juu yake. Kingekuwa gogo tu la shetani, nani angehangaika?

Kwetu Rugu hatuchongi vinyago. (Narudia kwa wale wanaonichanganya: mimi ni Mnyambo wa Karagwe, si Mhaya, ingawa mkishasikia Kagera nyie mnatuita wote wanshomile.) Lakini kuvaa nafsi nyingine tunakujua. Wazee wetu walikuwa na embandwa, watu waliopandwa na mizimu ya enzi kama Wamara na Mugasha. Aliyepandwa na Mugasha alisema kwa sauti ya Mugasha, na watu walimwamkia kama Mugasha, hata kama jana yake walimwona akipalilia migomba. Wamisionari waliipiga vita desturi hiyo na leo ukiitaja mbele ya bibi yangu anafanya ishara ya msalaba. Sawa, imani ni yake na mimi ni Mkristo pia. Ila kila Krismasi kigangoni kwetu kijana mmoja anapakwa masizi usoni anakuwa Herode, watoto wanalia, padre anapiga makofi. Hamjawahi kufunga kwa ajili ya Herode.

Haya, hilo tumelimaliza. Sasa kamati. Na hapa sina upole.

Mnasema dansi ya barakoa ni ustaarabu wa dunia. Nani kawaambia ilikuwa ya nini? Venisi ya zamani, mji ulio juu ya maji, watu walivaa barakoa miezi mingi ya mwaka, si usiku mmoja. Sababu yake ilikuwa kwamba mji ule ulikuwa na matabaka makali, na barakoa iliwaruhusu mtu wa juu na mtu wa chini kukaa meza moja ya kamari bila kuulizana ukoo. Hata salamu ilikuwa moja, aliyevaa barakoa aliitwa Bwana Barakoa, basi, hakuna mheshimiwa wala mvuvi. Jamhuri ile ilianguka mbele ya Napoleon mwaka 1797, desturi ikafifia, na sherehe zile zikafufuliwa tena kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo barakoa mnazoagiza, zenye manyoya na kung'aa, mwanzo wake ulikuwa kufuta tofauti ya mwenye nacho na asiye nacho. Nyie mmeigeuza tiketi ya kuwatenganisha. Mmechukua ganda mkatupa ndizi.

Na msiniambie hamuijui Venisi. Mmeisoma! Mwalimu Nyerere alitutafsiria mchezo wa Shakespeare, Mabepari wa Venisi, ukachapishwa 1969. Mle ndani kuna usiku wa barakoa. Shailoki, yule mkopeshaji, anaalikwa chakula, anamwachia binti yake Jesika funguo na kumwonya afunge milango, asichungulie dirishani kuwatazama wapumbavu wenye nyuso za bandia na ngoma zao. Binti anamsubiri baba atoke, anavaa nguo za kiume, anabeba mali na kutoroka na mpenzi wake. Sasa angalieni jambo ambalo wengi tunalipita tukisoma kwa ajili ya mtihani: ile sherehe yenyewe haifanyiki! Upepo unabadilika, jahazi linataka kuondoka, sherehe inavunjwa. Barakoa zilishamaliza kazi yake kabla hata ngoma haijapigwa. Shakespeare alijua kwamba katika usiku wa barakoa cha kutazama si dansi, ni nani anapata nafasi ya kupita mlango ambao siku nyingine umefungwa.

Kwetu mlango ndio huo unafungwa. "Asiye na barakoa hataingia."

Na hata hao wakubwa wa Ulaya, barakoa iliwashinda kuficha ukubwa wao. Mfalme Gustav wa Tatu wa Sweden alipenda mambo haya kweli kweli. Machi 16, 1792 alikwenda kwenye dansi ya barakoa katika jumba la opera la Stockholm, jumba alilolijenga yeye mwenyewe. Jioni ile alikuwa amepata barua isiyo na jina ikimwonya kuwa atauawa. Akaenda. Akavaa barakoa, lakini kifuani akaiacha nyota yake ya heshima, ile ya fedha ing'aayo. Waliotaka kumuua hawakupata taabu ya kumtafuta. Akapigwa risasi mgongoni na akafa Machi 29. Fikiria mtu anaficha uso na kuacha cheo nje! Lakini si ndivyo tutakavyofanya sisi? Tutaficha uso, tuache nje simu, viatu na gari la kukodi lililotuleta.

Kisa hicho kilimfanya Verdi wa Italia atunge opera, ikaonyeshwa Roma mwaka 1859. Wakaguzi wa serikali hawakutaka kuona mfalme wa Ulaya akiuawa jukwaani, basi wakalazimisha hadithi ihamishiwe Boston, Marekani, mfalme akageuzwa gavana. Yaani mchezo kuhusu barakoa wenyewe ukavishwa barakoa. Ndugu zangu, mnaona nani siku zote ndiye anayeogopa uso uonekane?

Mfano wa mwisho wa huko ng'ambo. Novemba 28, 1966, mwandishi Truman Capote aliandaa dansi ya barakoa katika hoteli ya Plaza, New York. Wageni 540, nyeusi na nyeupe tupu. Wapo waliotumia mamia ya dola kwa barakoa tu. Yeye mwenyewe alijigamba kwamba yake kainunua dukani kwa senti 39. Anayo haki ya kuvaa ya senti 39, maana sherehe ni yake na jina analo! Orodha ya walioalikwa ikachapishwa gazetini, mji mzima ukajua nani yumo na nani hayumo. Ile haikuwa sherehe ya kufichana tena. Ilikuwa ya kuhesabiana.

Sasa nikumbushe kitu. Mwezi mmoja tu kabla ya dansi hiyo, Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti yale. Waliona wao ni wasomi, watu wa daraja lingine. Nyerere akakasirika, akawarudisha nyumbani zaidi ya 300, na papo hapo akakata mshahara wake na wa wakubwa wenzake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Machi 1967, akaandika Elimu ya Kujitegemea, ile ambayo sisi wa elimu tunaikariri mwaka wa kwanza na kuisahau mwaka wa pili. Alionya juu ya shule inayomtoa mtoto kijijini na kumfundisha kuwaona wazazi wake wajinga. Sisemi kila alichofanya siku ile kilikuwa sawa, kufukuza watoto wa watu ni jambo zito. Nasema swali lake bado liko mezani. Elimu hii inatuvisha uso gani tunaporudi nyumbani?

Wengine watasema mbona dada unang'ang'ania Ulaya na Nyerere, sisi ni watu wa starehe tu. Haya, twende kwa babu zetu waliokuwa watu wa starehe hasa. Mmesikia habari za Beni? Ngoma iliyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa miaka ya 1890, ikashuka Tanganyika, na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia ikasambaa na askari na wapagazi hadi bara. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Vijana walivaa kama maofisa wa Kizungu, wakapeana vyeo, wakapiga matarumbeta na ngoma, wakashindana Marini kwa Arinoti. Nao walichanga fedha nyingi, na wapo waliokemewa kwa ubadhirifu. Lakini vile vyama vilisaidia wenyewe kwa wenyewe. Mgeni akifika mji asioujua alipokelewa na wenzake wa ngoma, mgonjwa aliangaliwa, maiti alizikwa. Mtu alivaa kofia ya bandia ya ofisa jioni, asubuhi akawa na ndugu wa kweli.

Niulize kamati: ukitoa ukumbi, mapambo, mpiga muziki na mpiga picha, kwenye elfu 35 yangu kuna shilingi ngapi ya kumzika mtu?

Jibu nalijua, sifuri. Kwetu Rugu chama cha kufa na kuzikana kina daftari, na kwenye daftari hakuna anayeulizwa amevaa nini.

Na Zanzibar nako tuna somo la neno lenyewe, barakoa. Kabla ya mwaka 2020 na ule ugonjwa wa korona, wengi wetu neno hili tulilijua kwa mbali. Unguja walilijua zamani. Karne ya 19 wanawake wa jamaa za Kiarabu za juu walivaa barakoa usoni, na binti wa Sultani Said, Salme, aliyeolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, ameieleza katika kumbukumbu zake zilizotoka 1886. Mtumwa hakuruhusiwa kujifunika hivyo. Uso wazi ulikuwa alama ya utumwa. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walianza kujifunika kwa kanga, na baadaye kwa buibui, na hakuna bibi wa kuwavua tena. Angalieni jinsi kitu kimoja kinavyogeuka. Kwa bibi, barakoa ilisema mimi niko juu. Kwa aliyetoka utumwani, nguo ya kujifunika ilisema mimi ni mtu kama wewe. Kwa hiyo mtu asiniambie "ni mavazi tu". Mavazi hayajawahi kuwa mavazi tu.

Sasa tufike kwenye vitabu, maana wengi wenu somo la kufundishia ni Kiswahili kama mimi.

Mwaka 1842 Mmarekani Edgar Allan Poe aliandika hadithi fupi ya mwanamfalme anayejifungia ndani ya ngome na marafiki elfu moja wakati nchi inateketea kwa tauni ya kutokwa damu. Malango yanafungwa kwa chuma. Ndani wanafanya dansi ya barakoa, vyumba saba, kila kimoja na rangi yake. Usiku wa manane anatokea mgeni aliyejivika kama ile tauni yenyewe. Wanapomkamata kumvua, ndani ya barakoa hakuna mtu. Ni ugonjwa wenyewe umeingia.

Niliisoma hadithi hii Januari 2025, wiki ambayo Serikali ilitangaza Marburg Biharamulo, mkoani kwetu Kagera. Mwaka 2023 ulishawahi kutokea Bukoba vijijini, watu sita wakafa. Sitasahau wiki ile hapa chuoni. Biharamulo na Rugu ni mbali, lakini kuna mtu wa darasani kwetu alihamisha kiti alipokumbuka natoka mkoa gani, akacheka kama utani. Kundi la WhatsApp likajaa picha za kuchekesha. Wengine wetu tulikuwa tunapiga simu nyumbani kila jioni, wao wanacheka malango yakiwa yamefungwa. Poe hakuiandika kwa ajili yetu, lakini mimi niliisoma kama ya kwetu.

Na ya kwetu kabisa tunazo. Ebrahim Hussein katika Mashetani (1971) anawaweka jukwaani vijana wawili wa chuo kikuu, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo, mmoja shetani na mwingine binadamu. Mchezo unakwisha lakini Kitaru hawezi kutoka ndani yake, anaugua. Kati ya vijana hawa kuna matabaka, mmoja nyumba yao imeporomoka na mwingine nyumba yao inapanda, na urafiki wao hauwezi kulibeba jambo hilo. Mwaka ule ule Kezilahabi akatoa Rosa Mistika, binti aliyelelewa kwa ukali mpaka akafunzwa uso mmoja wa nyumbani, akifika shuleni akawa na mwingine. Rosa naye alipita chuo cha ualimu, msisahau. Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni kwa kuwa eti kinaharibu watoto. Mimi naona kosa lake lilikuwa kusema mtu yumo ndani ya kinyago.

Hapo ndipo ninapotaka kuwafikisha. Tunavyo vinyago ambavyo hatuvinunui kwa kamati.

Kuna kinyago cha mwanafunzi wa elimu anayeulizwa kwenye daladala anasoma nini, anajibu "niko chuo kikuu" na kugeukia dirishani, kwa sababu neno ualimu linamchoma. Kuna kinyago cha yule anayerudi likizo na nguo za kuazima bwenini, kijijini wakadhani mambo yameiva, wakaanza kumwomba ada za wadogo zake. Na upande wa pili kuna kinyago cha wazazi. Hiki mimi nakijua vizuri kwa sababu nimelelewa nacho. Karagwe kahawa ndiyo benki yetu. Mzazi akibanwa na ada wakati kahawa bado iko mtini, anaiuza hivyo hivyo kwa bei ya kutupa. Tunaita butura. Serikali inaikataza kila msimu na watu wanaifanya kila msimu, kwa sababu tarehe ya ada haisubiri maua yawe punje. Mzazi wa butura hasemi. Anapiga simu, anauliza umekula, anasema huku hatujambo, migomba imestawi, mvua nzuri. Anasema hivyo akiwa ameshauza mavuno ambayo hajayaona.

Sasa mchukue mtoto wa butura mwambie alete elfu 50 ya barakoa. Akipiga simu nyumbani, zitakuja. Hiyo ndiyo inayonitisha, wadau. Si kwamba hazitakuja. Zitakuja.

Najua majibu ya kamati, nimeshayasikia yote tangu Jumatano.

La kwanza: "Hakuna aliyelazimishwa." Kweli? Majina ya waliolipa yanawekwa kwenye kundi kila jioni na alama ya tiki. Ambaye hana tiki anaonekana na watu zaidi ya mia. Hiyo ni kuvuliwa nguo hadharani, halafu mnauza ya kujifunikia kwa elfu 15.

La pili: "Ni kumbukumbu ya maisha." Nakubali tunahitaji kumbukumbu. Miaka mitatu tumeazimana sufuria, tumefundishana takwimu usiku, tumezika mama wa mwenzetu. Hizo kumbukumbu hazina mlango wa kulipia.

La tatu: "Dada una wivu." Wivu wa manyoya ya plastiki? Waitu!

Na nisiishie kulalamika, maana mlalamikaji asiye na pendekezo ni kelele. Pendekezo langu ni hili. Barakoa zibaki. Ndiyo, zibaki! Ila tuzitengeneze wenyewe. Kila mmoja wetu kafundishwa kutengeneza zana za kufundishia kwa vitu vya mazingira. Magazeti ya zamani, uji wa unga wa ngano kama gundi, boksi, rangi, majani makavu ya migomba, katani. Jumamosi mbili tukae pamoja tutengeneze. Mmakonde atuambie ya kwao anayoruhusiwa kutuambia, Mzaramo atuambie ya kwao, Mnyambo nami nitasema ya kwetu. Siku ya kuagana tuigize kipande cha Mabepari wa Venisi kwa Kiswahili cha Mwalimu, kile cha Jesika na funguo. Chakula kiwe pilau kama siku zote, mchango elfu 10, na ambaye hana aingie bila kuulizwa, jina lake lisisomwe popote. Nani atajua kama kalipa? Si tumevaa barakoa! Hapo ndipo zitakuwa zinafanya kazi yake.

Na saa sita usiku tuvue wote kwa pamoja, tuonane. Kisha vinyago tubebe. Miezi michache ijayo wengi wetu tutakuwa tunatafuta ajira, na wengine tutakuwa tunajitolea kwenye shule ambayo haina hata picha ukutani. Kinyago cha magazeti kitamfundisha mtoto wa darasa la tatu fasihi, historia na sanaa kwa siku moja. Barakoa ya elfu 15 itamfundisha nini? Kwamba mwalimu wake aliwahi kwenda mahali.

Sina cheo kwenye kamati na sikugombea. Mkutano wa darasa ni Alhamisi saa kumi. Nitasimama niseme haya haya, kwa sauti hii hii, na uso wangu huu huu. Anayekubaliana nami asinitumie ujumbe wa pembeni wa kunipa pole, aje mkutanoni anyooshe mkono. Anayepinga naye aje, tubishane kistaarabu halafu tukanywe chai.

Na wale ambao mmekwisha kupiga simu nyumbani kuomba hela, kabla hamjaipeleka kwa mweka hazina, rudieni kupiga. Mwulizeni mzee swali moja tu: kahawa mwaka huu imeuzwa lini?

Naomba kuwasilisha.